Kusoma Namba za Zahanati: Somo kwa Mkazi wa Kilifi

Mama akifika kliniki na mtoto wa wiki sita, muuguzi hufanya mambo mawili. Humchanja mtoto, kisha huandika mstari mmoja kwenye rejista: tarehe, jina, kijiji, umri, chanjo iliyotolewa. Kuandika huko hakuchukui hata dakika moja, na wengi hudhani ni kazi ya kumalizia tu. Kumbe mstari huo una safari ndefu mbele yake.

Mwisho wa mwezi mistari yote huhesabiwa. Jumla ya chanjo huandikwa kwenye fomu ya Wizara ya Afya iitwayo MOH 710, ya wagonjwa wa nje walio chini ya miaka mitano kwenye MOH 705 A, na kadhalika. Kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata jumla hizo zinatakiwa ziwe zimeingizwa kwenye mfumo wa kompyuta wa kitaifa unaoitwa KHIS, ambao Kenya ilianza kuutumia nchi nzima mwaka 2011. Huko ndiko zinakotoka zile asilimia zinazosomwa kwenye vikao vya ushirikishwaji wa umma, wakati wa kuamua ni zahanati ipi iongezewe muuguzi na ni wadi ipi ipate ambulansi.

Kuzichambua namba hizi ili kujua kama huduma inawafikia watu na inawasaidia kunaitwa utafiti wa huduma za afya. Utafiti huu hautafuti dawa mpya. Unauliza maswali ya nyumbani kabisa: nani alifika, nani hakufika, aliyefika alipata nini, na baadaye akawaje. Malighafi yake ni kumbukumbu za kazi ya kila siku ambazo hazikuandikwa kwa ajili ya mtafiti. Hapo ndipo penye faida yake, na hapo ndipo penye mitego.

Mkazi hahitaji kusomea chuo kikuu ili aielewe mitego hiyo. Anahitaji hesabu za darasa la saba na subira kidogo.

Namba ya juu na namba ya chini

Chukua mfano wa kufanyia mazoezi. Zahanati ya kwanza imetibu watoto 90 wenye kuhara katika mwezi mmoja, ya pili imetibu 30. Wapi kuna shida kubwa ya maji? Atakayejibu haraka atasema kwa ile ya kwanza. Lakini ikiwa zahanati ya kwanza inahudumia watu 9,000 na ya pili watu 1,500, hesabu inageuka: ya kwanza ni wagonjwa 10 kwa kila watu 1,000, na ya pili ni 20. Kijiji kidogo ndicho chenye tatizo mara mbili. Namba ya juu, yaani wagonjwa, haisemi chochote mpaka iwekwe juu ya namba ya chini, yaani watu wote ambao wangeweza kuugua.

Kuipata hiyo namba ya chini ndiyo kazi ngumu. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 1,453,787 katika Kaunti ya Kilifi. Tangu hapo hutumika makadirio, na makadirio hukosea. Ndiyo maana mara nyingine zahanati huonyesha kuwa imechanja asilimia 115 ya watoto wake. Haina maana kwamba kuna watoto waliochanjwa mara mbili. Huenda makadirio yalikuwa chini, au akina mama wa eneo jirani wanapendelea kliniki hiyo. Watu wa Mtwapa wanalijua hili vizuri, maana mpaka wa kaunti haumzuii mtu kuvuka daraja kutafuta matibabu.

Kilifi ina bahati ambayo sehemu nyingi za Afrika hazina. Tangu mwaka 2000, kituo cha utafiti cha KEMRI kimekuwa kikihesabu wakazi wa eneo la kilomita za mraba 891 kuizunguka Hospitali ya Kaunti ya Kilifi. Ni watu zaidi ya laki mbili na nusu. Wafanyakazi wa nyanjani hupita boma kwa boma kuuliza nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehama, nani ameolewa na kuhamia. Wako wazee waliochoka na maswali hayo, na si ajabu, kwani kuulizwa kila mara "Hapa mko wangapi sasa?" kunaweza kumkera mtu. Lakini majibu yao ndiyo namba ya chini. Mgonjwa kutoka eneo hilo akilazwa katika hospitali ya kaunti, jina lake huunganishwa na orodha ya boma lake. Kwa njia hiyo mtafiti huweza kusema ni wagonjwa wangapi wamelazwa, na pia wametoka miongoni mwa wangapi.

Chanjo ilifanya kazi, na ilijulikanaje

Mwishoni mwa 2001 Kenya iliingiza kwenye chanjo za watoto kinga dhidi ya bakteria aitwaye Hib, anayeleta kichomi kikali na homa ya uti wa mgongo. Kabla ya hapo, katika eneo hilo la Kilifi, hospitali ilikuwa ikithibitisha wagonjwa 66 wa Hib kwa mwaka kwa kila watoto 100,000 walio chini ya miaka mitano. Kufikia mwaka wa tatu wa chanjo walikuwa wamepungua hadi takribani 8. Hao ni wale tu waliofika hospitali na kupimwa. Mtoto aliyefia nyumbani Ganze hayumo katika hesabu hiyo, wala yule aliyetibiwa kwingine.

Hata hivyo mtu mkali anaweza kuuliza: mbona isiwe kwamba maisha yaliboreka tu, chakula kikaongezeka, wazazi wakaanza kuwahi hospitali? Swali hilo ni halali. Jibu zuri kulihusu lilipatikana kwenye chanjo nyingine.

Januari 2011 ilianza chanjo ya nimokokasi, bakteria mwingine wa kichomi na uti wa mgongo. Bakteria huyu ana aina nyingi, na chanjo iliyoletwa inakinga aina 10 peke yake. Watafiti wa Kilifi walizihesabu aina zilizomo kwenye chanjo upande mmoja na zisizomo upande wa pili. Kwa watoto chini ya miaka mitano, maambukizi makali ya aina zilizomo yalishuka kutoka karibu 61 kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka kabla ya chanjo, hadi karibu 3 katika miaka ya 2012 hadi 2016. Aina zisizomo hazikupungua. Kama sababu ingekuwa chakula bora au barabara nzuri, zote zingeshuka pamoja, kwa kuwa shibe haichagui aina ya bakteria. Zilizoshuka ni zile tu zilizolengwa na sindano. Tena ugonjwa wa aina hizo ulipungua hata kwa watu wazima ambao hawakuchanjwa, kwa sababu mtoto asiyebeba bakteria hamwambukizi bibi anayemlea.

Kuweka kando kundi ambalo halikuguswa na huduma na kulitumia kama kipimo ni mbinu ya kukumbuka. Mtu yeyote akisimama mkutanoni na kusema mradi fulani umepunguza ugonjwa, aulizwe: na magonjwa ambayo mradi huo hauyahusu, yalifanya nini katika muda huohuo?

Malaria na mtoto aliyeanguka mwembeni

Habari ya malaria ni ngumu zaidi, na inafundisha zaidi. Kati ya 2003 na 2007 watoto waliolazwa Kilifi kwa malaria walishuka kutoka zaidi ya 18 kwa kila watoto 1,000 hadi chini ya 4. Vyandarua vyenye dawa vilikuwa vikigawiwa miaka hiyo, na dawa mpya ya mchanganyiko ilianza kutumika. Ingekuwa rahisi kuandika kwamba vyandarua vimemaliza kazi.

Watafiti hawakukimbilia huko. Walitaka kujua malaria ilikuwa ikifanya nini vijijini. Wanaolazwa kwa homa hawatoshi kujibu, kwa sababu kulazwa kunategemea pia kama mzazi ana nauli na kama dawa ya dukani imefeli. Basi waliwatazama watoto waliolazwa kwa kuumia: aliyeanguka mwembeni, aliyegongwa na bodaboda, aliyeungua kwa uji. Mtoto aliyevunjika mkono huletwa hospitali awe na malaria au asiwe nayo. Kwa hiyo vimelea vinavyoonekana kwenye damu yake vinaeleza hali ya kijijini kwake kuliko damu ya mtoto aliyeletwa kwa homa.

Damu hizo zilionyesha kwamba malaria ilikuwa imeanza kupungua mapema, kabla ya vyandarua kuenea na kabla ya dawa mpya kufika. Kitu kingine kilikuwa kikitendeka. Uchambuzi wa baadaye, uliotumia kumbukumbu za miaka 25 kutoka 1990 hadi 2014, ulionyesha tena kwamba baada ya 2009 malaria ilianza kurudi, ingawa vyandarua vilikuwepo. Mwenye kuisoma habari hii vibaya atasema vyandarua havina maana, na atakosea, kwa sababu majaribio mengine yaliyofanywa hapahapa pwani miaka ya 1990 yalikwisha kuonyesha kwamba vinaokoa watoto. Kinachosemwa ni kidogo zaidi ya hapo: kupanda na kushuka kwa malaria kuna sababu nyingi kwa pamoja, na mstari unaoshuka kwenye karatasi hautaji sababu iliyoushusha.

Hospitali ipi ni mbaya?

Hakuna hesabu inayozua ugomvi kama hii. Chukua hospitali mbili za kubuni. Hospitali A ni ya rufaa, Hospitali B ni ya kaunti ndogo. Kila moja imelaza wagonjwa 1,000 katika mwaka. A imepoteza 82, B imepoteza 33. Kwa asilimia ni 8.2 dhidi ya 3.3. Ikitangazwa redioni, watu wataikimbia A.

Sasa wagawanywe wagonjwa kulingana na hali waliyofika nayo. Hospitali A ilipokea 200 wenye hali nafuu, wakafa 2, ambayo ni asilimia 1. Ilipokea mahututi 800, wakafa 80, asilimia 10. Hospitali B ilipokea 900 wenye hali nafuu, wakafa 18, asilimia 2. Mahututi walikuwa 100, wakafa 15, asilimia 15.

Isomwe tena polepole. Kwa wagonjwa wenye nafuu A ni bora. Kwa mahututi A ni bora vilevile. Ikijumlishwa tu ndipo inaonekana mbaya, na sababu ni kwamba B huwatuma mahututi wake kwa A, pengine usiku, pengine wakiwa wamechelewa. Jumla imechanganya kazi ya daktari na hali ya mgonjwa alipofika mlangoni. Wataalamu wana njia ndefu za kompyuta za kutenganisha mambo hayo, lakini zote zinaanza na kitendo hiki kimoja: gawanya kwanza, halafu linganisha.

Kasoro moja inabaki hata baada ya kugawanya. Hospitali huandika waliofia humo, haiandiki waliofia nyumbani wiki mbili baada ya kuruhusiwa. Kwa kuwa Kilifi huunganisha kumbukumbu za hospitali na za maboma, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliweza kuwafuata watoto hadi majumbani. Uligundua kwamba katika mwaka wa kwanza baada ya kutoka hospitali, watoto hao walikuwa na hatari ya kufa mara kadhaa zaidi ya wenzao ambao hawakulazwa, hasa wale waliokuwa wamekonda. Kwenye kitabu cha wodi watoto hao wote walikuwa wameandikwa "ameruhusiwa". Mzazi aliyerudi na mtoto kutoka wodini ana sababu ya kutokosa tarehe ya kliniki aliyopewa, na mhamasishaji wa afya ya jamii ana sababu ya kupita boma hilo kwanza.

Kabla na baada

Tarehe 1 Juni 2013 serikali ya kitaifa ilifuta ada za kujifungua katika vituo vya umma. Utafiti wa kitaifa wa kaya ulionyesha kwamba akina mama waliojifungua mikononi mwa mhudumu mwenye ujuzi walikuwa asilimia 44 mwaka 2008/09, asilimia 62 mwaka 2014, na asilimia 89 mwaka 2022. Wengi huiweka 44 kando ya 62 na kusema tofauti hiyo imetokana na kufutwa kwa ada.

Lakini utafiti wa 2014 uliwauliza akina mama kuhusu watoto waliozaliwa katika miaka mitano iliyotangulia. Sehemu kubwa ya watoto hao walizaliwa kabla ya Juni 2013, mama zao wakiwa wamelipa. Ongezeko kubwa lilikuwa limekwisha kuanza. Isitoshe, mwaka huohuo wa 2013 huduma za afya zilikabidhiwa kaunti. Mambo mawili makubwa yakianza pamoja, namba za kabla na baada hazitoshi kuyatenganisha. Inabidi kutazama mwezi kwa mwezi kwenye rejista za kujifungulia: je, mstari ulikuwa ukipanda tayari, na je, ulipanda kwa kasi zaidi kuanzia Julai? Ndiyo maana fomu za kila mwezi, zenye makosa yake yote, mara nyingine hufaa kuliko utafiti mzuri unaofanywa kila baada ya miaka mitano.

Kimya si sifuri

Wakati wa mgomo wa wahudumu, kitabu cha wodi huonyesha vifo vichache. Wodi zimefungwa, nani atafia humo? Asiyejua atafurahia mstari ulioshuka. Vivyo hivyo zahanati ambayo haikutuma fomu mwezi wa Aprili haikukosa wagonjwa mwezi wa Aprili. Kabla ya kusoma jumla yoyote ya kaunti, uliza ni vituo vingapi vilituma ripoti kati ya vingapi.

Kuhusu migomo, orodha ya maboma ya Kilifi ilisaidia tena. Watafiti walilinganisha vifo vya wakazi, popote walipofia, katika siku za migomo sita iliyotokea kati ya 2010 na 2016 na siku za kawaida. Kwa jumla hawakuona ongezeko la vifo. Matokeo hayo yaliwashangaza wengi, na ni rahisi kuyavuta kupita kiasi. Migomo hiyo ilikuwa mifupi, mingi ya siku chache au wiki chache. Mgomo wa madaktari uliodumu siku 100 hadi Machi 2017, na ule wa wauguzi uliochukua karibu miezi mitano mwaka huohuo, haumo katika hesabu hiyo. Na vifo vinapokuwa vichache, ongezeko dogo linaweza kujificha ndani ya kupanda na kushuka kwa kawaida.

Hilo la mwisho linahusu kila wadi. Kama akina mama wawili walifariki wakijifungua mwaka jana na mwaka huu wakawa wanne, mtu anaweza kusema vifo vimeongezeka maradufu, na hesabu yake ni sahihi. Lakini namba ndogo hivyo huyumba zenyewe bila chochote kubadilika. Kila kifo kinafaa kuchunguzwa kwa undani, kuuliza damu ilikuwepo, gari lilichukua muda gani. Kwa asilimia, subiri miaka kadhaa au jumlisha wadi jirani.

Jina linabaki, hesabu inaondoka

Wapo wanaoogopa kwamba wakitaja ugonjwa wao utasomwa na wote. Rejista yenye majina hubaki kituoni, na kinachokwenda kwenye jumla za KHIS ni hesabu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazitaja taarifa za afya ya mtu kuwa nyeti, na anayezitoa ovyo ana makosa. Kwa upande mwingine, Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 inaeleza namna ya kuziomba. Jumla za zahanati ya kijiji chako ni taarifa za namna hiyo. Pa kuanzia ni kamati ya kituo, ambayo ina wakazi ndani yake.

Zoezi

Zahanati ya kubuni ilitibu wagonjwa 60 wa malaria Mei mwaka jana. Mwaka huu mwezi huohuo ilitibu 120. Mwaka jana vipimo vya malaria viliisha tarehe 10, mwaka huu vilikuwepo mwezi mzima. Je, malaria imeongezeka?

Jibu: bado haijulikani. Mwaka jana wagonjwa 60 waligunduliwa kama katika siku 10, sawa na 6 kwa siku. Mwaka huu 120 kwa siku 31 ni karibu 4 kwa siku, na hapo malaria inaonekana kupungua. Lakini hata hilo si la uhakika, kwa sababu mwezi wa Mei wagonjwa hawafiki sawasawa kila siku, hasa mvua ikinyesha na njia zikakatika. Cha kuomba kituoni ni namba mbili zaidi: waliopimwa walikuwa wangapi kila mwaka, na kati yao waliokutwa na vimelea ni wangapi.